Kazi ya Kung'arisha Mawe Njombe na Makambako

Jiwe laini kuliko yote katika nyumba ya zamani ya Wabena, wenyeji wa uwanda wa Njombe, lilikuwa jiwe la kusagia ulezi, na ulaini wake ulikuwa kasoro. Kabla mashine za kusaga hazijaenea, mwanamke alipiga magoti nyuma ya jiwe bapa lililoinamishwa kidogo, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili na kulisukuma juu ya nafaka, mbele na nyuma, unga ukidondokea chini kwenye ungo. Kadiri miezi ilivyopita mawe hayo yalisuguana hadi uso ukateleza, punje zikawa zinabingirika badala ya kuvunjika. Hapo jiwe lilidonolewa upya kwa kipande cha jiwe gumu zaidi ili lirudishiwe meno. Kanuni ya kung'arisha, yaani msuguano wa muda mrefu na kitu kigumu, ilijulikana vizuri katika uwanda huu. Kilichokosekana ni mtu wa kuutaka mng'ao wenyewe.

Historia ya zamani zaidi ya mawe katika nyanda hizi nayo ni ya kupasua, si ya kusugua. Huko Isimila, kando ya barabara itokayo Iringa kuja Makambako, zana za mawe ziligunduliwa mwaka 1951, na Mmarekani Clark Howell akaongoza uchimbaji wa kitaalamu mwaka 1957 na 1958. Mashoka ya mkono ya Isimila yalimegwa kipande baada ya kipande hadi makali yakatokea. Uso wake umejaa alama za mapigo, na aliyeyatengeneza hakuwa na haja ya kuziondoa.

Ulaini ulitafutwa kwa makusudi upande wa magharibi, milima ya Livingstone inapoteremka ghafla hadi ziwa Nyasa. Vijito huangusha vipande vya mwamba hadi ufukweni, mawimbi yakavigonganisha na kuvisugua kwa mchanga hadi kona zote zikaisha. Wafinyanzi wanawake wa Kikisi, wa Ikombe karibu na Matema na wa vijiji vya mwambao, hutumia kokoto za namna hiyo. Chungu kikishakauka kiasi cha kutobonyea, lakini hakijaingia motoni, mfinyanzi hukipitishia kokoto taratibu, mstari kando ya mstari. Chembe za udongo hulala na vitundu hujiziba, na uso huanza kung'aa kabla ya rangi wala moto. Vyungu vya Kikisi vimesafirishwa kwa mitumbwi na kupandishwa hadi masoko ya nyanda za juu, ambako wanunuzi wengi huvipenda kwa wepesi na ulaini wake bila kujua kwamba nusu ya kazi ilifanywa na jiwe.

Kwingineko duniani jiwe lenyewe ndilo lilikuwa bidhaa. Mji wa Idar-Oberstein nchini Ujerumani uliishi kwa kung'arisha akiki kwa karne kadhaa: mito iliendesha magurudumu makubwa ya mawe ya mchanga, na mafundi walilala kifudifudi wakilibana jiwe dhidi ya gurudumu linalozunguka. Mabadiliko makubwa yalitoka Marekani mwaka 1891, Edward Acheson alipopata katika tanuri la umeme silikoni kabaidi, inayojulikana pia kama kaborandamu, fuwele zinazozidiwa ugumu na vitu vichache tu, almasi ikiwa mojawapo. Katika miaka ya 1950 ubunifu huo uliwafikia watu wa kawaida wa Marekani kwa njia ya pipa dogo la kuzungushwa na mota, na kung'arisha mawe kukawa burudani ya nyumbani.

Tanzania wengi walikutana na kaborandamu sakafuni. Fundi terazo humwaga saruji iliyochanganywa na kokoto za marumaru, huiacha ikakamaa, kisha huisaga kwa mashine yenye mawe ya kaborandamu huku maji yakimwagwa na ujiuji wa kijivu ukisukumwa kwa fagio. Huanza na mawe makali, huziba vitundu kwa uji wa saruji, husubiri, hurudia kwa mawe laini zaidi, na hung'arisha mwishoni. Akiruka hatua, mikwaruzo ya jiwe la kwanza haitafutika kwa kusugua wiki nzima. Mwenye pipa la kung'arishia mawe hufuata utaratibu huohuo, na kwa kweli mtu wa Makambako anayetaka kuujifunza angefaidika zaidi akimwangalia fundi huyo kwa siku chache kuliko akisoma kijitabu cha mashine.

Makambako yenyewe ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita hapo, na hapo ndipo huchepuka ile ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hupanda hadi hapo kutoka Mlimba kwa kipande cha kilomita 158 ambacho kina mahandaki 18 kati ya 22 ya reli nzima. Vito vilipopatikana Tunduru na Songea katika miaka ya 1990, njia ya lami ya kuvifikisha Dar es Salaam ilikuwa hiyo ya Njombe na Makambako. Yakuti, spineli na aleksandraiti vilipita vikiwa vibichi. Wanunuzi kutoka Sri Lanka na Thailand walikwenda hadi machimboni, na vito vingi vilikatwa na kung'arishwa huko kwao. Miji ya njiani iliuza chai, mafuta na vitanda.

Vito vya Tunduru vingi vilichekechwa kwenye changarawe za mito, ambako maji yalikwisha kuvichuja: kilichokuwa na ufa kilipasuka njiani, kilichobaki ni kizima. Sheria za mwaka 2017 zilisisitiza madini yaongezwe thamani nchini, masoko ya madini yakaanza kufunguliwa mwaka 2019, na Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha hufundisha ukataji wa vito. Ila ukataji hudai mashine ya gharama na jicho lililofunzwa. Pipa hudai mota ndogo, umeme usiokatika mno na subira.

Kwa anayeanza Njombe, jiwe la kuanzia ni kwatsi nyeupe, yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs. Graniti huvutia macho lakini husumbua, kwa kuwa mika iliyomo hung'oka na kuacha vishimo. Mawe yenye nyufa huondolewa mapema. Pipa hujazwa hadi theluthi mbili, pamoja na unga wa kaborandamu wa namba 80 na maji yanayokaribia kufunika mawe, kisha huzungushwa polepole ili mawe yateleze bila kudundana. Baada ya juma moja hivi kila kitu huoshwa, pipa pia, kwa sababu chembe moja kubwa ikibaki huharibu hatua inayofuata. Hufuata namba 220, kisha 500, na mwisho poda ya alumini oksidi. Ujiuji humwagwa shimoni, kamwe si kwenye bomba la maji machafu, maana huganda kama saruji. Nao haufai kuachwa ukauke ndani ya nyumba, kwa kuwa vumbi lake huumiza mapafu.

Wengi hudanganywa na maji. Jiwe lililolowa huonekana limeng'aa hata likiwa na mikwaruzo tele, hivyo kabla ya kwenda hatua nyingine hufutwa kwa kitambaa, huachwa likauke kabisa na kutazamwa kwenye mwanga wa ubavuni. Mikwaruzo ikionekana, hurudishwa pipani kwa unga uleule.