Mtumwa, Fidia na Kiambishi -ji-: Dhana ya Kujidhili katika Kiswahili cha Ukristo wa Pwani

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamemhukumu James Mbotela kwa ukali, na hukumu hiyo ina haki yake. Katika Uhuru wa Watumwa (1934), Mwingereza ni mkombozi, Mwarabu ni mtesi, naye mtumwa ni kiumbe anayengoja kuokolewa. Aghalabu sababu inayotolewa ni kasumba ya kikoloni. Makala haya hayakusudii kumtetea Mbotela. Yanadai kwamba kosa la kitabu chake, kabla ya kuwa la kisiasa, ni la kiimani: kimeuchukua msamiati wa Kikristo wa mateso na ukombozi na kuupachika mahali ambapo sharti lake kuu halikutimizwa. Sharti hilo ni hiari.

Tuanze na neno. Katika sura ya pili ya Waraka kwa Wafilipi, Paulo anaeleza jinsi Kristo alivyouacha utukufu wake akashuka hadi hali ya chini kabisa. Neno la Kigiriki analolitumia kuitaja hali hiyo ni doulos, yaani mtu anayemilikiwa na mtu mwingine. Wafasiri wa Biblia ya Muungano ya 1952 waliandika mtumwa. Ni neno lenye historia mbili. Katika tenzi za kale za Waislamu wa pwani, Mtumwa ni lakabu ya Mtume Muhammad, yule aliyetumwa na Mungu. Kauli ya kutendwa ya kitenzi tuma haimshushi hapo, humpandisha. Lakini sokoni na mashambani, mtumwa ni mtu anayeuzwa. Neno moja, kwa hiyo, lilikwisha kubeba kilele na shimo kabla Paulo hajafasiriwa kwa Kiswahili, na sidhani kwamba Kigiriki chenyewe kilimpa Paulo nafasi pana kiasi hicho.

Kutoka utumwa Paulo anaingia moja kwa moja msalabani. Kwa wasomaji wake hapakuwa na mrukio wowote. Katika dola ya Roma msalaba ulikuwa, juu ya yote, adhabu ya watumwa: uasi wa Spartacus ulipozimwa mwaka 71 K.K., mateka wapatao 6,000 walisulubiwa kando ya barabara ya Appia. Aliyetwaa hali ya mtumwa alikufa kifo cha mtumwa. Ulaya, iliyovaa misalaba ya dhahabu kwa karne nyingi, ilikuwa imeisahau aibu hiyo. Msomaji wa Frere Town hakuhitaji kukumbushwa.

Frere Town ilianzishwa na chama cha misheni cha CMS mwaka 1875, bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuwapokea watu waliotolewa majahazini na manowari za Waingereza. Unguja nako, Askofu Edward Steere alikuwa akijenga kanisa kuu mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Wasikilizaji wa kwanza wa mahubiri hayo ya Kiswahili kuhusu Kristo mtumwa walikuwa watumwa wa juzi.

Hapa ndipo penye ugumu, na sarufi yetu inauonyesha vizuri kuliko vitabu vingi vya theolojia. Kristo alijishusha, alijidhili, alijinyenyekeza. Mtumwa alishushwa, alidhiliwa, alinyenyekezwa. Kati ya kundi la kwanza na la pili pana silabi moja, kiambishi rejeshi -ji-, na imani nzima ya dhabihu imesimama juu yake. Asiyejitoa hajatoa dhabihu, ametolewa tu. Kumhubiria unyenyekevu mtu aliyetekwa Nyasa akauzwa Kilwa ni kumwambia ashuke, ilhali hana ngazi ya kushukia. Tena mahubiri hayo hayakuwa maneno matupu. Frere Town ilikuwa na viboko vyake, hata serikali ya Uingereza ikalazimika kulichunguza jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1880.

Neno la pili ni fidia. Wanateolojia walisumbuka tangu zamani: ikiwa kifo cha Kristo ni fidia, alilipwa nani? Origen alielekea kusema kuwa ni Shetani. Anselm, mwishoni mwa karne ya 11, aliikataa kabisa dhana ya kwamba Shetani alikuwa na haki ya kudai chochote. Rabai swali hili halikuwa la vitabuni. Watoro walikuwa wamekimbilia misheni kwa miaka mingi, mabwana wao wakiwadai. Mwanzoni mwa 1889 zaidi ya watoro 1,000 walipewa hati za uhuru baada ya George Mackenzie, wa kampuni ya Imperial British East Africa, kupanga mabwana walipwe. Fidia ilikwenda kwa aliyemiliki. Aliyemilikiwa hakupata hata senti ya miaka yake iliyopotea. Anselm angekuwa na la kusema.

Hao watoro hawakuja Rabai kwa upepo. Aliyewapokea ni William Jones, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, akasomeshwa Nasik huko India, na kupewa ushemasi mwaka 1885. Mwaka huo huo alifuatana na Askofu James Hannington katika safari ya Buganda. Hannington akauawa Busoga, na Jones akawarudisha Rabai wasafiri waliosalia. Kanisa linamkumbuka Hannington kama shahidi, na ni haki yake. Jones hutajwa kwa nadra. Hata hivyo yeye sasa alikuwa na pa kushukia: alikuwa na cheo, elimu, na uhuru. Kuwaficha watoro kulimweka tena upande wa watu wa kuwindwa, naye alikwenda kwa miguu yake.

Tukimrudia Mbotela kwa macho haya, tunaona upungufu usiotajwa na wahakiki wake. Anampa Mwingereza nafasi ya Mkombozi, lakini Mwingereza huyo hashuki popote. Anafika na manowari na anabaki juu ya sitaha. Ukombozi usio na kushuka ni wa Kaisari zaidi kuliko wa Paulo. Ajabu ni kwamba mwandishi, aliyetoka katika jamii yenyewe ya Frere Town, alikuwa na kielelezo kingine karibu naye, Rabai.

Biblia ya Habari Njema ya miaka ya 1990 imelibadilisha neno la Wafilipi. Kristo sasa ni mtumishi, na wafasiri wametia humo neno hiari, ambalo Paulo hakuliandika. Nyongeza hiyo ni fasiri sahihi. Badiliko la nomino linanitia shaka. Mtumishi nchini Kenya ni mwajiriwa wa serikali, au ni mhubiri anayeitwa hivyo kwa heshima. Ana mshahara au ana mimbari. Wajukuu wa watoro wa Rabai wakiifungua sura hiyo katika tafsiri mpya, hawalikuti tena jina walilopewa babu zao.