Tanga na miaka isiyokuwa na baraza

Historia ya mji wa Tanga kwa kawaida husimuliwa kama historia ya mkonge. Zao lilipokuwa na bei mji ulinawiri, na bei ilipoanguka katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 mji ukaanza kuchakaa. Maelezo hayo yamerudiwa mara nyingi hata yamekuwa kama jibu la swali lolote linalohusu Tanga, kuanzia barabara mbovu za Ngamiani hadi majengo yaliyobomoka karibu na bandari. Yana ukweli wake. Hata hivyo yanaruka jambo lililoandikwa waziwazi katika sheria za nchi, nalo ni kwamba kwa miaka kadhaa kabla ya 1978 Tanga, kama miji mingine yote ya Tanzania Bara, haikuwa na halmashauri yake. Hakukuwa na diwani wa kuulizwa kuhusu mtaro ulioziba, wala mkutano wa baraza ambamo swali hilo lingejibiwa. Wanahistoria wa mkonge hawajakipa kipindi hicho nafasi kinayostahili.

Utawala wa mji wenyewe ni wa zamani. Kabla ya Wajerumani, Tanga ilikuwa chini ya liwali wa Sultani wa Zanzibar, akishirikiana na majumbe wa pwani. Wajerumani walipoishika pwani hiyo mwaka 1889 waliuchukua mpangilio wa liwali, akida na jumbe wakauweka chini ya ofisi ya wilaya. Mambo yaliyofuata yanafahamika: shule ya mwaka 1892, ujenzi wa reli ulioanza 1893 na kufika Moshi 1911, na mbegu za mkonge alizoleta Richard Hindorf mwaka huohuo wa 1893, ambazo miche iliyosalia hai ilikuwa 62 tu. Kuanzia 1901 wilaya zilipewa mabaraza yaliyobakiziwa sehemu ya kodi kwa ajili ya kazi za papo hapo, lakini viti vyake kwa sehemu kubwa vilikuwa vya Wazungu, hasa masetla na wafanyabiashara.

Kwa kipindi hiki kuna chanzo ambacho watafiti wa utawala wa miji wamekipita haraka mno. Ni gazeti la Kiongozi, lililoanza kuchapwa Tanga mwaka 1904 katika shule ya serikali na kuendelea hadi 1916. Lilikuwa gazeti la watawala, na hilo limewafanya wengi waliweke kando. Lakini sehemu kubwa ya habari zake ililetwa na Waswahili wenyewe: waliosoma shule hiyo wakatawanywa kuwa makarani, walimu na maakida katika vituo vya bara na pwani. Waliandika habari za miji walimokaa, safari zao na mashairi. Ofisa wa Kijerumani aliyeandika taarifa ya mwaka alihesabu kodi na mizigo. Karani wa Kiswahili aliyeandika Kiongozi alikuwa akiishi ndani ya mji uleule unaotawaliwa, akijua nani amepewa cheo na nani amekipoteza. Anayetaka kuelewa jinsi serikali ya mji ilivyoonekana kwa waliotawaliwa hana budi kuanzia hapo, pamoja na tahadhari zote zinazohitajika kwa gazeti la namna hiyo.

Vita vya Novemba 1914 vilivyopiganwa mjini Tanga vimeandikiwa vitabu vingi kuliko miaka mia ya utawala wake, na havihitaji kurudiwa hapa.

Waingereza walitunga sheria ya miji mwaka 1920. Mji uliotangazwa chini ya sheria hiyo ulipata mamlaka yenye wajumbe walioteuliwa, na kazi zake zilikuwa za usafi, masoko, majengo, machinjio na makaburi. Mgawanyo wa mji ulionekana kwa macho: Wazungu upande wa Raskazone ufukweni, Wahindi na maduka yao katikati, Waafrika Ngamiani, mtaa uliopimwa kwa barabara zenye namba zinazokatana sawasawa. Huduma nazo ziligawanywa kwa mpangilio huohuo. Taarifa za kila mwaka za makamishna wa majimbo huanza na mvua, kodi na mazao, na mara nyingi mji hupewa aya chache mwishoni. Mgomo wa makuli wa bandari ya Tanga mwaka 1939 ulilazimisha serikali kutazama hali ya watu wa mjini, ambao kwa miaka mingi walihesabiwa kama wapita njia tu. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1953 ndiyo iliyofungua njia ya mabaraza ya miji yenye madaraka mapana zaidi, na baada ya Uhuru mabaraza hayo yakawa ya madiwani waliochaguliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanga ilikuwa mji wenye uwezo. Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na sehemu kubwa ilipita bandarini hapo. Sensa ya 1967 iliukuta mji una watu karibu 61,000, wa pili kwa ukubwa Tanzania Bara baada ya Dar es Salaam. Halmashauri ilikusanya kodi ya majengo, leseni na ushuru wa masoko, na kwa fedha hizo ilizoa taka, ikachimba mitaro na kuendesha shule na zahanati. Haikuwa halmashauri tajiri. Lakini mwananchi aliyelipa alijua amemlipa nani, na aliyeomba kura alijua ataulizwa nini.

Nguvu hizo zilipunguzwa hatua kwa hatua. Mwishoni mwa 1969 halmashauri za wilaya zilinyang'anywa kodi ya kichwa ya mahali na ushuru wa mazao, na huduma kuu zikahamishiwa serikali kuu. Mwaka 1971 sheria ya utwaaji wa majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuziweka chini ya Msajili wa Majumba. Katika mji kama Tanga, ambao kiini chake kilikuwa maduka na maghorofa ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia, hatua hiyo ilibadili uhusiano wa mji na majengo yake. Wengi wa wamiliki wa zamani waliondoka nchini, na matengenezo yakawa jambo la ofisi iliyo mbali.

Kisha ikaja mwaka 1972. Serikali, baada ya kushauriwa na kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, ilitangaza mpango wa madaraka mikoani. Halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka huo na za miji zikafuata muda mfupi baadaye. Mahali pake zikawekwa ofisi za wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya, walioteuliwa, wakifanya kazi na kamati ambazo wataalamu walikuwa na sauti kubwa ndani yake. Mji ukageuka sehemu ya wilaya. Mahitaji yake yakapimwa katika meza moja na mahitaji ya vijiji, wakati uleule ambapo Operesheni Vijiji, kampeni ya kuwahamishia wananchi katika vijiji vya pamoja, ilikuwa imetwaa fedha, magari na fikra za kila ofisa wa mkoa.

Watetezi wa mpango huo wana hoja zinazostahili kusikilizwa, hasa kwa upande wa vijijini. Halmashauri nyingi za wilaya zilikuwa zimelemewa na madeni, watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, na baadhi zilishindwa hata kulipa mishahara. Kupeleka wahandisi, wachumi na maofisa mipango mikoani kuliwapa wananchi wa bara wataalamu ambao hapo awali walipatikana Dar es Salaam pekee. Kwa wilaya maskini hayo yalikuwa mabadiliko ya kweli.

Hoja ya pili, kwamba hatua hiyo iliwapa wananchi madaraka, haina msingi. Aliyeteuliwa kutoka juu huwajibika juu. Mkuu wa mkoa, mkurugenzi wa mkoa na mkurugenzi wa wilaya wote walikuwa wateule, na mkazi wa Chumbageni au Ngamiani hakuwa na kura yoyote iliyoweza kumgusa hata mmoja wao. Kilichohamishwa kutoka Dar es Salaam kilikuwa watumishi wa serikali kuu. Madaraka ya wananchi yalifutwa pamoja na baraza.

Hapa ndipo maelezo ya mkonge yanaposhindwa kabisa. Mpango wa Pili wa Miaka Mitano ulioanza 1969 uliichagua Tanga kuwa mmoja wa miji tisa ya kukuzwa nje ya Dar es Salaam. Viwanda vikaja: kiwanda cha chuma, kiwanda cha mbolea kilichoanza uzalishaji 1972, na baadaye saruji. Kwa hiyo katika miaka ambayo bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, mji ulikuwa ukipokea mtaji mkubwa wa serikali na wafanyakazi wapya. Sensa ya 1978 ilihesabu watu zaidi ya 103,000, karibu asilimia 70 zaidi ya wale wa 1967. Mji uliokuwa ukikua kwa kasi hiyo ulihitaji mitaro, viwanja vilivyopimwa, magari ya taka na zimamoto kuliko wakati wowote uliotangulia, na ndio wakati ulipokuwa hauna chombo chenye jukumu hilo peke yake. Anayetaja bei ya nyuzi ili kueleza uchafu wa mji unaojenga viwanda hajaeleza kitu.

Hali hiyo ilikuwa ya nchi nzima. Barabara za miji ziliharibika, maji taka yalifurika, taka zilirundikana. Kipindupindu kilichozuka mwaka 1977 na kuenea kiliifanya serikali ikubali kwamba usafi wa miji hauwezi kuongozwa kama sehemu ndogo ya mipango ya wilaya. Sheria ya 1978 ikarudisha halmashauri za miji, miaka kadhaa kabla ya zile za wilaya. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria kuu za serikali za mitaa, namba 7 kwa wilaya, namba 8 kwa miji na namba 9 kwa fedha, na mfumo kamili ukaanza kazi 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere, katika mahojiano na jarida la Third World Quarterly, alitaja kufutwa kwa serikali za mitaa na kuvunjwa kwa vyama vya ushirika kuwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Kauli hiyo ya mwasisi wa mpango wenyewe ina uzito zaidi kuliko utetezi wote ulioandikwa baada yake.

Halmashauri iliyorudi ilirudi na mikono mitupu. Mafundi walikuwa wametawanyika na mitambo imechakaa, na uchumi wa nchi ulikuwa katika hali ngumu baada ya Vita vya Kagera. Kiwanda cha mbolea kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Programu ya Maboresho ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1998 iliongeza ruzuku na kuimarisha mipango, na tarehe 1 Julai 2005 Tanga ikapandishwa hadhi kuwa Jiji.

Mwaka wa Jiji una mzunguko wake. Vipaumbele huibuliwa kwenye mitaa, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, huchambuliwa na wataalamu na kamati za kudumu, kisha baraza la madiwani chini ya mstahiki meya hupitisha bajeti ambayo hupanda mkoani, kisha TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, na hatimaye bungeni. Utekelezaji huanza 1 Julai. Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ni mteule wa Rais, ndiye mtendaji mkuu, na kila robo mwaka baraza hupokea taarifa ya utekelezaji. Hesabu za mwisho huenda kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na majibu ya halmashauri husikilizwa na kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa. Hati safi inayotokana na ukaguzi husifiwa sana katika hotuba, na inastahili sifa kwa kile inachothibitisha: kwamba vitabu vya hesabu vimeandikwa kwa haki. Haithibitishi kwamba mtaro wa kata ya Mabawa umechimbwa. Kwa hilo taarifa ya robo mwaka na diwani anayeijua kata yake ni shahidi bora.

Upande wa fedha, umiliki wa mapato umeendelea kubadilika. Kodi ya maendeleo ilifutwa 2003. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zikakabidhiwa TARURA, wakala wa serikali kuu wa barabara hizo. Halmashauri imebaki na ushuru wa huduma, ambao hutozwa kwa asilimia ya mauzo, pamoja na ada za masoko, stendi, vibali na leseni. Katika mapato hayo ya ndani ndimo ilimotakiwa itenge asilimia 10 kwa ajili ya mikopo kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kila uhamisho una sababu zake za kiufundi, na kila mmoja umempunguzia diwani jambo moja la kumjibu mpiga kura.

Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 393,429. Maendeleo makubwa ya karibuni yamepita nje ya baraza: bandari imechimbwa kina na kujengewa gati mpya na serikali kuu; Tanga UWASA, mamlaka ya maji, iliuza mwaka 2024 hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua mtandao wa maji. Na Chongoleani, kata iliyo ndani ya mipaka ya Jiji, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa hapo Agosti 2017. Miradi hiyo inaleta malori, wapangaji, mahoteli na taka, na mzigo huo unaangukia Jiji. Kwa makampuni yanayofanya kazi ndani ya mipaka yake, chanzo kikuu cha Jiji ni ushuru wa huduma. Kiasi kitakachokusanywa humo, na namna baraza litakavyokigawa kati ya kata za mjini na zile za pembeni kama Chongoleani na Pongwe, ndivyo vitakavyoonyesha katika bajeti zijazo kama Tanga ya bandari mpya ina serikali yenye uwezo wa kuihudumia.