Calibri: herufi iliyofika mahakamani

Desemba 2025, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, aliwaagiza wanadiplomasia wake waachane na aina ya herufi iitwayo Calibri na warudi kwenye Times New Roman, ukubwa wa 14. Calibri ililetwa na mtangulizi wake, Antony Blinken, Januari 2023, kwa hoja kwamba herufi zisizo na vijimkia kwenye ncha huwasaidia wenye uoni hafifu. Rubio alisema Times ina heshima zaidi.

Waliocheka kwamba wizara nzima inagombania herufi hawakumbuki yaliyotokea Pakistan.

Times New Roman ilichorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, lililoanza kuitumia Oktoba 1932. Baadaye iliingia kwenye kompyuta, ikawa chaguo-msingi la Microsoft Word kwa miaka mingi. Calibri, kazi ya Mholanzi Lucas de Groot, ilichukua nafasi hiyo katika Office 2007. Chaguo-msingi ni herufi ya asiyechagua: mtu hufungua ukurasa, akaanza kuchapa, na kumbe programu imekwishamchagulia.

Julai 2017, tume iliyochunguza mali za familia ya Waziri Mkuu Nawaz Sharif iliwasilisha ripoti yake kwa Mahakama ya Juu ya Pakistan. Miongoni mwa vielelezo kulikuwa na hati ya amana ya binti yake, Maryam Nawaz, kuhusu nyumba za London, yenye tarehe ya Februari 2006. Mtaalamu wa nyaraka kutoka Uingereza, Robert Radley, alitazama hata herufi iliyotumika. Ilikuwa Calibri, ambayo umma uliuziwa kuanzia mwishoni mwa Januari 2007. Hati ilikuwa imeitangulia herufi yake!

Mitandao iliwaka. Ukurasa wa Calibri kwenye Wikipedia ulivamiwa na watu waliotaka kubadili tarehe, hadi wasimamizi wakaufunga kwa muda. Watetezi walisema matoleo ya majaribio yalikuwepo kabla ya 2007, na ni kweli, ila yalikusudiwa wataalamu wa kompyuta, si ofisi ya wakili. Sharif aliondolewa madarakani mwezi huohuo kwa sababu nyingine. Maryam alihukumiwa mwaka 2018, akaachiwa huru na Mahakama Kuu ya Islamabad mwaka 2022, na leo ni Waziri Kiongozi wa jimbo la Punjab.

Tangu 2023 Microsoft imeleta Aptos ichukue nafasi ya Calibri kama chaguo-msingi, na wengi hawajaona tofauti.

Kwetu Tanzania pia, wachache huijua programu wanayoitumia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, mwaka 2004. Wangapi wanaikumbuka? Bado tunafundisha kompyuta kwa kuwasha na kuzima, na mhitimu huweka kichwa cha habari katikati kwa kugonga kitufe cha nafasi hadi kidole kichoke. Akipeleka faili steshenari, kompyuta ya pale inamsambaratishia kazi yote, naye anamlaumu mchapaji.

Kabla ya kuchapa barua yako ijayo ya maombi ya kazi, bonyeza Ctrl na D ndani ya Word, chagua herufi na ukubwa unaotaka, kisha uifanye kuwa chaguo-msingi lako.