Kitufe cha rangi ya chungwa: safari ya hedifoni kutoka mezani hadi barabarani

Alfajiri ya Jumamosi, barabara nyingi za Dar es Salaam zina watu wa mazoezi. Wamo wa jogging, wamo wa kutembea tu, na wengi wana hedifoni. Lakini akitazamwa vizuri, mtembeaji mzoefu mara nyingi amechomeka upande mmoja. Upande wa pili unaning'inia kifuani, ili bodaboda ikija kwa nyuma isikike. Hakuna aliyemfundisha. Kumbe anajitafutia mwenyewe jibu la swali ambalo wenye viwanda wamezunguka nalo kwa zaidi ya miaka 40: mtu anayetembea nje atasikiaje muziki wake bila kuipoteza dunia inayomzunguka?

Mwanzo zilikuwa za kukaa nazo

Hedifoni za zamani hazikutengenezwa kwa ajili ya miguu. Zilikuwa za kazini: opereta wa simu kwenye kiti chake, baharia wa redio kwenye meza yake. Mwaka 1910 jamaa mmoja wa jimbo la Utah, Marekani, alikuwa akiziunda kwa mkono jikoni kwake. Akatuma jozi kwa Jeshi la Majini la Marekani wazijaribu. Wakazipenda, wakaagiza, lakini jamaa akasema hawezi kutoa zaidi ya kumi kwa mkupuo. Kiwanda chenyewe ndiyo hilo jiko!

Mwaka 1958, mjini Milwaukee, mfanyabiashara mmoja mpenda muziki akaja na hedifoni za stereo za kusikilizia sahani za santuri. Hapo burudani ikaingia, ila mwili ulibaki kwenye kochi. Na zilikuwa nzito. Hadi miaka ya 1970, hedifoni za kawaida za nyumbani zilikuwa na uzito wa gramu 300 hadi 400. Kutembea nazo kilomita tano ilikuwa adhabu, si starehe.

Gramu 50 zilizobadilisha mambo

Mabadiliko yalitoka Japani, ndani ya Sony. Mmoja wa waasisi wa kampuni alipenda kusikiliza muziki kwenye ndege, na mashine aliyokuwa akiibeba ilimchosha. Akaomba atengenezewe ndogo. Wahandisi wakachukua kinasa sauti kidogo cha waandishi wa habari, wakaondoa sehemu ya kurekodi, wakaweka stereo. Bahati nzuri, idara nyingine ya kampuni hiyohiyo ilikuwa inamalizia hedifoni mpya zenye uzito wa takriban gramu 50, zenye sponji nyepesi iliyokaa juu ya sikio bila kuliziba.

Watu huisimulia Walkman kama habari ya kaseti tu. Lakini bila zile gramu 50, kaseti ingebaki mezani. Hedifoni ndiyo iliyoipa miguu.

Mwenyekiti wa kampuni akaichukua kwenda kuijaribu nyumbani. Mke wake akachukia, maana mzee alikuwa amekaa pale pale lakini hayupo. Basi mwenyekiti akaagiza pawe na matundu mawili, ili wawili wasikilize pamoja. Pia kikawekwa kitufe cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza, muziki unashuka na maikrofoni ndogo inaleta sauti ya aliye karibu. Yaani tangu siku ya kwanza waundaji walijua kifaa hiki kinaweza kumtenga mtu na wenzake, wakaweka mlango wa kutokea.

Walkman iliingia sokoni tarehe 1 Julai 1979 kwa yen 33,000. Siku chache kabla, waandishi wa habari walipakiwa kwenye basi hadi bustani ya Yoyogi jijini Tokyo, wakapewa kifaa kila mmoja, wakatazama vijana wakitembea na kuteleza na vibao vya magurudumu. Mwezi wa kwanza mauzo yalisuasua. Wafanyakazi wakaamua kuvaa wenyewe kwenye treni na mitaani, watu waone. Kufikia mwisho wa Agosti, zile 30,000 za mwanzo zilikuwa zimekwisha.

Kitufe kikapotea, sikio likazibwa

Wanunuzi hawakupenda kushirikiana. Kila mtu alitaka yake. Katika matoleo yaliyofuata, kitufe cha chungwa kikaondolewa kimya kimya.

Wenye mji wakaanza kuingiwa na hofu. Mwaka 1982, Woodbridge, mji wa New Jersey, ukapiga marufuku kuvuka barabara ukiwa na hedifoni masikioni, kwa faini ya dola 50 au siku 15 jela. Mzee mmoja mstaafu akavuka makusudi akiwa amezivaa, ili akamatwe na kesi isikike. Kwake huo ulikuwa uhuru wa mtu na masikio yake. Wote wawili, mzee na mji, walikuwa na hoja.

Kisha mitindo ikaelekea ndani zaidi ya sikio. iPod ya mwaka 2001 ilikuja na waya mweupe uliogeuka kuwa fasheni. Zikafuata zile za mpira laini zinazoziba tundu la sikio kabisa. Ndani ya ndege au ofisini zinapendeza. Barabarani ni mambo mawili. Kwanza, sikio likizibwa, kishindo cha kila hatua kinarudi kichwani kama ngoma. Pili, honi inabaki nje.

Hilo si dogo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulikusanya taarifa za watembea kwa miguu 116 waliogongwa wakiwa na hedifoni. Zaidi ya nusu waligongwa na treni. Katika asilimia 29 ya matukio, iliripotiwa kwamba honi au king'ora kilipigwa kabla. Kilipigwa, hakikusikika.

Mlango umefunguliwa tena

Ndipo wenye viwanda wakarudi walikotoka. Mwaka 2019 AirPods Pro zikaja na namna ya kupitisha sauti za nje kwa maikrofoni. Ni kile kitufe cha chungwa, miaka 40 baadaye, kikiwa kimevaa suti mpya. Wengine wakatoa hedifoni zinazokaa mbele ya sikio na kupitisha mtetemo kwenye mfupa wa shavu, tundu likabaki wazi. Besi yake ni hafifu, wapenda singeli watalalamika, lakini honi inasikika na jasho halijikusanyi ndani.

Historia hiyo inatoa kipimo rahisi cha dukani. Ya kutembelea nje iwe nyepesi, isiyobana, na iliache sikio wazi. Iandikwe IPX4 au zaidi, yaani inavumilia michirizi ya maji na jasho. Ijaribiwe kwa kutembea na kutikisa kichwa, si kwa kusimama mbele ya kioo. Zile za kupitisha sauti kwa maikrofoni zijaribiwe kwenye upepo, maana upepo wa pwani ukipiga maikrofoni huvuma kuliko muziki. Na kama inabidi sauti ipandishwe sana ili kuishinda barabara, tatizo ni barabara. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki.

Ambaye hana hela ya hizo mpya hajakosa kitu. Yule wa alfajiri, mwenye upande mmoja sikioni na mwingine kifuani, tayari ameshabonyeza kitufe chake cha chungwa.