Ushahidi Ulioliwa: Lebo za Uzito na Haki ya Mlaji

Aliyeuziwa kiatu kibovu anaweza kukibeba hadi mahakamani. Aliyepunjwa uzito wa chakula kilichofungashwa hana cha kubeba: siku anapotaka kudai, ushahidi ameshaula na lebo ameshaitupa. Kwa hiyo faini, hata ikiwa kali, haimlindi mlaji ipasavyo. Matokeo ya ukaguzi wa serikali lazima yakubalike kuwa ushahidi katika madai yake mwenyewe.

Yaliyotokea New York yanalionyesha jambo hili waziwazi. Juni 2015, idara ya jiji inayosimamia maslahi ya walaji ilitangaza kuwa imepima aina 80 za vyakula vilivyofungashwa katika maduka ya Whole Foods, na katika kila aina ilikuta uzito usiolingana na lebo. Asilimia 89 ya paketi zilivuka kiwango cha tofauti kinachoruhusiwa na kanuni za shirikisho. Sahani 20 za mboga, zilizouzwa kwa dola 20 kila moja, zilimpunja mnunuzi wastani wa dola 2.50, mojawapo ilifika dola 6.15. Upunjaji wa namna hii hauhitaji mizani iliyochezewa. Inatosha mfanyakazi asahau kutoa uzito wa chombo, au abandike uzito uleule kwenye paketi zote. Jibini linalouzwa shilingi 20,000 kwa kilo, likipimwa pamoja na kopo la gramu 30, linamgharimu mnunuzi shilingi 600 za plastiki.

Desemba mwaka huo kampuni ilikubali kulipa jiji dola 500,000 na kukagua bidhaa zake kila robo mwaka. Kwa kampuni yenye mauzo ya zaidi ya dola bilioni 15 kwa mwaka, hicho ni kiasi kidogo mno. Isitoshe, mwaka 2014 ilikuwa imelipa karibu dola 800,000 huko California kwa makosa ya aina hiyohiyo.

Kilichonivutia zaidi ni shauri la mteja mmoja aliyekuwa akinunua jibini na keki ndogo katika maduka hayo. Mwaka 2016 mahakama ya chini ililitupa, kwa kuwa hakuonyesha kwamba paketi alizonunua yeye ndizo zilizopungua. Angeonyeshaje? Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ilitengua uamuzi huo: kwa hatua ile ya awali, ukaguzi uliobaini upungufu ulioenea kiasi hicho, pamoja na mazoea yake ya kununua, vilitosha shauri kuendelea. Hakutangazwa mshindi, ila mlango ulifunguliwa.

Muuzaji atasema huenda paketi ya mdai ilikuwa nzima, hata imezidi. Huenda. Lakini shauri la madai huamuliwa kwa kupima upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli, na mwenye mizani na kumbukumbu za upimaji ni muuzaji. Mzigo wa kuthibitisha umwangukie yeye.

Nchini Tanzania, Wakala wa Vipimo umejulikana sana kwa vita dhidi ya lumbesa, yaani kujaza magunia ya mazao kupita kipimo, ambapo anayeumia ni mkulima. Mnunuzi wa nyama na jibini vilivyofungashwa dukani anastahili ulinzi huohuo. Bunge liiongezee Sheria ya Vipimo kifungu kinacholazimisha matokeo ya ukaguzi kutangazwa kwa jina la duka na bidhaa, na kumruhusu mlaji kuyategemea mahakamani.