Vituo vya Waifai vya Viwanda Mbalimbali: Historia na Istilahi Zake

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi vituo vya waifai vilivyotengenezwa na viwanda mbalimbali vilivyopata kutumika pamoja katika mtandao mmoja, na kuonyesha kwamba kosa la istilahi katika jambo hili huweza kuleta hasara ya fedha.

Kwa neno kituo tuna maana ya kifaa kitoacho na kupokea mawimbi ya redio ili simu na kompyuta ziungane na mtandao wa nyaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake, na kifaa cha kiwanda kimoja hakikuelewana na cha kingine. Mwaka 1997 Taasisi ya Wahandisi wa Umeme na Elektroniki, yenye makao yake Marekani, ilitoa kanuni ya kwanza ya pamoja, iitwayo 802.11, yenye kasi isiyozidi megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 ikafuata kanuni ya 802.11b, yenye kasi ya megabiti 11, na mwaka huo huo viwanda vikaunda umoja wa kupima na kuthibitisha kwamba vifaa vyao vyaelewana. Jina la Wi-Fi lilienezwa na umoja huo.

Hata hivyo, mapatano hayo yalihusu zaidi maelewano kati ya kituo na kifaa cha mtumiaji. Hayakueleza jinsi vituo vya viwanda viwili vitakavyopokezana mtumiaji anayetembea. Kanuni ya majaribio ya 802.11F ilitolewa mwaka 2003 kwa ajili hiyo, lakini haikuenea, ikaondolewa mwaka 2006. Hadi leo kwa kawaida simu au kompyuta yenyewe ndiyo iamuayo kuhama kituo. Kwa hiyo vituo vya aina mbalimbali vyaweza kukaa pamoja, mradi vipewe jina moja la mtandao, nywila moja na ulinzi wa aina moja, na vituo vilivyo jirani visigongane katika mikondo ya mawimbi. Kinachopungua ni usimamizi wa pamoja, kwani programu ya kiwanda kimoja aghalabu haiamrishi vituo vya kingine.

Historia hii haiko mbali na ya lugha yetu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia lugha ya vitabu vya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Lahaja hazikufutwa, zilipata mahali pa kukutania.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Lusahunga, wilayani Biharamulo, ni mahali ambapo barabara itokayo Biharamulo hukutana na barabara kuu iendayo Ngara na mpaka wa Rusumo. Tuseme shule ya hapo ina kituo kimoja ofisini, nayo yataka cha pili madarasani. Mwombaji aandika "kifaa cha mtandao", na dukani anapewa ruta. Ruta kazi yake ni kuunganisha mtandao mmoja na mwingine, na mara nyingi hugawa anwani kwa vifaa. Ikifungwa bila kurekebishwa, huweza kuanzisha mtandao wa pili ndani ya ule wa kwanza, au kugawa anwani zinazogongana na za awali. Mwalimu aliye darasani haioni tena mashine ya kuchapia iliyo ofisini, na fundi huitwa kutoka mbali kutafuta ubovu ambao haupo. Vifaa ni vizima. Kilichokosewa ni jina.

Kwa sababu hizo twapendekeza kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali:

(a) Kituo cha waifai kiwe jina la kifaa cha mawimbi pekee.

(b) Ruta, au kipanganjia, iwe jina la kifaa kiunganishacho mitandao, hata kama ndani yake mna kituo.

(c) Neno mtandao, ambalo watu hulitumia kwa intaneti, kwa kampuni ya simu na hata kwa nguvu ya mawimbi, lisiandikwe peke yake katika hati za ununuzi.

Viwanda vilihitaji kanuni ili mashine zao zisikilizane. Nasi tunaoandika hati za kuzinunua hatuna budi kusikilizana kwanza.