Chai ya Kericho na Sheria ya Kutosa Shehena

Mkulima anayepeleka majani mabichi kituoni Litein au Mogogosiek anaweza kudhani kwamba sheria za baharini hazimhusu. Lakini chai yake ikishauzwa katika mnada wa Mombasa, ulioanza huko mwaka 1969, hupangwa ndani ya kontena ikiwa katika mifuko ya karatasi, na ikipakiwa melini huingia chini ya kanuni ya hasara ya pamoja. Nahodha akilazimika kutosa sehemu ya shehena ili meli isizame, wote ambao mali yao imesalimika, mwenye meli akiwamo, humchangia aliyepoteza, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mali yake.

Wapo watakaoiita masalio ya ukoloni. Ni kweli kwamba sheria yetu ya mwaka 1967 kuhusu mamlaka ya mahakama inaitaka Mahakama Kuu ya Kenya kusikiliza kesi za baharini kwa namna ileile ya Mahakama Kuu ya Uingereza. Hata hivyo, Waingereza wenyewe waliirithi kanuni hiyo. Majaji wa London waliifafanua mwaka 1801 katika kesi ya Birkley na Presgrave, ilhali mkusanyo wa sheria wa mfalme Justinian ulikuwa umeiandika tangu mwaka 533, ukiinasibisha na kisiwa cha Rhodes. Mafakihi wa Kiislamu nao waliijadili.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba chai huuzwa ikiwa bado ghalani Mombasa, hivyo hasara ya baharini ni ya mnunuzi. Kisheria ndivyo. Lakini mnunuzi hukadiria nauli na bima kabla ya kutaja bei. Meli ya Ever Given ilipokwama Suez mwezi Machi 2021, mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, na wenye shehena walitakiwa kutoa dhamana kabla ya kukabidhiwa kontena zao, hata zile ambazo hazikuguswa. Hatari ya namna hiyo hupunguza bei ambayo mnunuzi yuko tayari kutoa, na punguzo hilo hushuka hadi kwenye bonasi ya mkulima. Tofauti ni kwamba mchangiaji wa baharini huandikiwa hesabu: kilichotoswa, thamani yake na fungu la kila mmoja. Bei ya mnada haimwonyeshi mkulima wa Bomet nauli wala bima iliyokatwa humo. Wakurugenzi wa viwanda, ambao wakulima huwachagua wenyewe, wanapaswa kuwadai madalali wa mnada makadirio ya nauli na bima kabla bonasi haijatangazwa.